Bloku ya Kujitengenezea Isingoje Wiki ya Mwisho

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, habari za mchana. Najua wengine mmeshanisikia nikilipigia kelele jambo hili, na mwalimu wa mstari wa mbele ameshaanza kucheka. Cheka tu, mwalimu, nalisema tena. Nikipita kwenye klabu za kompyuta nakuta Scratch, ile lugha ya kuandika programu ambayo mtoto anaunganisha bloku za amri badala ya kuandika maneno, inafundishwa kwa mpangilio ule ule: mwendo, sura, sauti, marudio. Lile kundi la waridi kule chini, ambako mtoto anatengeneza bloku yake mwenyewe, linaachwa hadi wiki ya mwisho. Na wiki ya mwisho, wote tunajua, ni ya mitihani.

Kijana mmoja wa darasa la sita alitaka kuchora mtaa wa nyumba tano. Paka, yule mhusika wa Scratch anayetii amri, na kalamu ya kuchorea anapopita, basi. Paka anaanza akitazama juu. Rudia mara 4: songa hatua 100, geuka kulia nyuzi 90. Ukuta umekwisha. Songa 100 mpaka juu ya ukuta, geuka kulia 30, rudia mara 3: songa 100, geuka 120. Paa hilo. Kisha geuka kushoto 30, rudi nyuma 100, inua kalamu, sogea kiwanja cha pili. (Mtaniuliza kwa nini 120 na si 60, wakati kila pembe ya pembetatu hii ni 60. Paka anageuka kwa pembe ya nje. Ila msikimbilie kumwambia mtoto. Aweke 60, aone amepata nusu ya pembesita, akune kichwa.)

Nyumba ya kwanza ikatoka safi. Akabofya kulia, akanakili, akapachika chini, mara nne, mpaka mlolongo ukawa mrefu kuliko skrini. Sasa, jukwaa la Scratch, pale paka anapotembea, lina upana wa hatua 480. Nyumba tano za 100 hata zikibanana zinataka 500, na paka haruhusiwi kutoroka jukwaani. Akagota ukingoni, nyumba ya tano ikapondeka. Nikamwambia, zipunguze ziwe za 60.

Hesabuni nami. Ile 100 imo mahali pa 4 katika kila nyumba: kwenye ukuta, kwenye kupanda, kwenye paa, kwenye kurudi nyuma. Nyumba tano, namba 20. Akazibadilisha moja moja, ulimi nje, na moja ikamponyoka: nyumba ya tatu ilirudi nyuma 100 badala ya 60. Akabofya bendera ya kijani, ile ya kuanzisha programu. Nyumba tatu zimesimama vizuri, mbili za mwisho zimetumbukia hatua 40 chini ya barabara. Darasa zima likacheka. Mwenyewe akaanza kuikagua nyumba ya nne, maana ndiyo iliyoonekana mbovu, kumbe ya nne haina kosa lolote.

Sikumwonyesha ile namba. Ningemwonyesha, angejifunza kwamba mwalimu ana macho makali, basi.

Nilimwambia abonyeze kutengeneza bloku, aipe jina. Akaandika "jenga nyumba". Ongeza tundu la namba, pale utakapojaza namba kila ukiita bloku, liite "upande". Ikatokea ile kofia ya waridi, bloku ya juu ambayo chini yake unaeleza jina hilo lifanye nini, akaburuta nyumba moja, akaipachika chini yake, na kila penye 100 akadondosha "upande". Nakala nyingine nne, futa. Ikabaki jenga nyumba 60, sogea, jenga nyumba 60, sogea. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaandika 40, 50, 60, 70, 80, nyumba zinapanda kama ngazi, na mimi hakunitazama tena.

Na hapo ndipo utakapompa lile somo ambalo wanaonakili tu hawalipati: bloku imwache paka pale ilipomkuta, akitazama alikokuwa akitazama. Ukisahau kumgeuza kushoto 30, nyumba inayofuata inalala upande. Kosa likitokea, mahali pa kulitafuta ni pamoja tu.

Sasa kuna mwalimu hapa anasema moyoni, "Hao ni wa darasa la sita, wangu ni wa darasa la tatu, hawawezi." Mwalimu, mtoto huyo huyo ukimwambia "kachote maji" humwelezi ashike ndoo, afungue mlango, ahesabu hatua. Anajua kwamba jina moja limebeba kazi nyingi. Na jambo lenyewe si geni. Logo, lugha ya programu kwa watoto ya akina Papert, Feurzeig na Solomon, ilianza 1967, na watoto walikuwa wakiifundisha amri mpya humo humo, mraba ukiwa miongoni mwa zile za mwanzo.

Kisingizio kilikuwepo zamani. Scratch ilipotoka 2007 haikuwa na kitu hiki. Ulitaka kurudia kazi, utangaze ujumbe, mhusika aupokee, na ungojee. Ndiyo maana Jens Mönig wa Ujerumani aliiongezea mwenyewe, akaiita BYOB, yaani "Build Your Own Blocks", jenga bloku zako mwenyewe, na pamoja na Brian Harvey wa Berkeley ikawa Snap!. Scratch 2.0 ikaja nayo 2013. Tangu hapo kisingizio kimekwisha, jamani, tunachoshikilia ni mazoea.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya, mambo matatu ya haraka. Kwanza, bloku ya Scratch ni ya mhusika mmoja. Mwingine akiihitaji, buruta ile kofia umdondoshee juu ya picha yake. Pili, pale kwenye kutengeneza kuna kisanduku cha kuendesha bila kuonyesha upya skrini: ukikitia alama, mtaa mzima unatokea papo hapo, lakini kwa anayeanza msikiguse, amwone paka akitembea. Tatu, bloku hii haiwezi kukurudishia jibu. Mkitaka bloku inayokokotoa eneo na kulileta, wekeni jibu kwenye kigeu, yaani jina linalotunza namba, au hamieni Snap!, hayo humo yapo.

Mashine zimewashwa na Scratch iliyomo haihitaji intaneti. Kaeni wawili wawili, mtengeneze bloku yenye tundu moja. Na tafadhalini, isiwe mraba.