Nimevuka Bahari Kuja Kuhesabu Vyura

Haya wapendwa, hamjambo? Mniwie radhi kwa giza. Ni saa nne na nusu usiku hapa Minnesota, Marekani, mwisho wa Juni, na taa za gari nimezizima makusudi. Huo weusi nyuma yangu ni bwawa. Mbu nao wananila vizuri tu, msione napunga mkono mkadhani nawaaga.

Mama alinipigia simu juzi: "Yaani umevuka bahari ukahesabu vyura?" Ndiyo, Mama. Na silipwi hata senti.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Sasa kuna mzee mmoja, yuko hapa kwenye gari, amekuwa na njia yake ya kuhesabu vyura kwa sauti miaka mingi. Macho yakaanza kumtupa, hawezi tena kuendesha usiku, akaniomba nimwendeshe. Masikio yake lakini, acha tu! Hapa nikinong'ona ananikunjia uso.

Kazi yenyewe iko hivi. Njia ina vituo kumi. Jua likishazama unaanza, kila kituo unazima injini, unasikiliza dakika tano. Ukisikia sauti mojamoja unazoweza kuhesabu, unaandika 1. Zikianza kupandana ila bado unazitenganisha, 2. Ikiwa ni harusi, hujui nani anaimba nani anaitikia, 3. Unarudi mara tatu kwa msimu, kwa sababu kila aina ina wakati wake wa kulia. Na kimya nacho kinaandikwa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kuandika sifuri, kama mtoto aliyefeli. Mzee akaniambia bila sifuri ramani ya waliko vyura itadanganya: mtu atadhani hatukufika, kumbe tulifika na hawakuwepo.

Tazameni picha hii. Huyu nilimkuta kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Chura wa kwenye miti, wa kijivu. Si kama kipande cha gome kilichoota macho? Asubuhi alikuwa kijivu, jioni karibu kijani. Vidole vina visahani vya kunata, na kwa upande wa ndani ya nyumba naona koo lake linavyopwita. Aliporuka ndipo nikaona paja kwa ndani, njano kama embe bivu. Nikakimbilia fomu nikaandika jina: Hyla versicolor. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kwa sababu wako wawili, jamani! Yuko na pacha wake, Hyla chrysoscelis, na kwa macho huwatenganishi. Mmoja ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, 48, mwenzake 24, na siri hiyo haikutoka hadharani mpaka mwaka 1970, wakati versicolor alishapewa jina tangu 1825. Mimi sina maabara kwenye gari. Nina masikio. Versicolor anatetemesha sauti polepole, laini, trrr-trrr-trrr. Chrysoscelis ni mkali, mapigo yake ni ya haraka karibu mara mbili, kama mtu anayekwaruza sufuria. Majike wanatumia kasi hiyohiyo kuchagua dume.

Ila kuna mtego. Usiku wa joto yule mpole anachangamka, usiku wa baridi yule mkali anazembea. Ndiyo maana kabla ya yote napima joto. Kwa jumla versicolor ni mtu wa msitu, mwenzake anapenda kulikofunguka, upande wa nyasi. Sisi tuko katikati, wanakutana. Mwaka jana kituo cha nne kilikuwa cha mpole peke yake. Leo nimewasikia wote wawili. Mzee ameniambia nisishangilie, huenda mwaka jana tulikosea joto.

Na mtu akiniuliza wanapitaje baridi ya huku, ile inayogandisha kope: wanaganda nao. Chini ya majani, moyo umesimama kabisa, sehemu ya maji ya mwilini imekuwa barafu, glisero, kemikali ya mwili wao wenyewe, ikilinda chembe za mwili. Majira ya kuchipua wanayeyuka, wanaondoka zao. Mimi na makoti mawili bado nalia.

Kule kwetu Nyamira, Kenya, chura akilia tunasema mvua hiyo, basi, tunalala. Sijawahi kujiuliza ni chura gani. Nikirudi Desemba nitabeba kipimajoto.

Mzee ananionyesha saa. Nyamazeni na nyie, dakika tano zinaanza.