Mgeni na Piano ya Wenyeji

Wazee wetu, walimu wa muziki, ndugu na marafiki, habari za jioni.

Mpiga udi akishaketi jukwaani, hatoi wimbo papo hapo. Anaukumbatia udi wake, anakaza uzi huu, analegeza ule, anatega sikio, anakaza tena. Sisi tunangoja, wala hatuoni taabu. Udi ule ni wake. Ametoka nao nyumbani, anajua unakasirika lini na unatulia lini.

Mpiga piano hana bahati hiyo. Piano kubwa ya ukumbini, kwa mfano Steinway ya aina ya D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 500. Haibebwi begani. Msanii anayezunguka dunia hushuka kwenye ndege, akalala hotelini, akaamka, akakuta piano ya wenyeji ikimngoja. Ana saa chache tu za kuzoeana nayo. Usiku ataketi nayo peke yake mbele ya watu, bila okestra wala mwimbaji wa kumfichia kosa, saa moja na nusu, pengine mbili.

Ndiyo maana jioni hii naomba kitu kimoja. Msimu wa maonyesho ya piano unapotangazwa, macho yetu hukimbilia majina kwenye bango: huyu katoka Urusi, yule Argentina, yule Korea. Majina yana haki yake. Lakini raha kubwa ya msimu mzima, kwa maoni yangu, ni kuisikia piano ile ile, ukumbi ule ule, ikibadilika sauti kila anapoikalia mtu mwingine.

Mtindo huu wa mtu mmoja na piano moja si wa kale sana. Mwezi Juni 1840, Franz Liszt, mpiga piano mzaliwa wa Hungaria, alitangaza onyesho katika kumbi za Hanover Square, London, kwa neno la Kiingereza, “recital”, ambalo mpaka siku hizo lilihusu kughani mashairi. Watu walishangaa: mtu ataghani vipi kwa piano? Kabla ya hapo msanii alikuwa anachangia jukwaa na waimbaji na wapiga fidla. Liszt alijaribu kulibeba jukwaa peke yake, na likabebeka. Mimi nalipenda lile neno la kughani. Mghani naye husimama peke yake, na sauti yake ndiyo mali yake yote.

Watengenezaji wa piano nao walielewa haraka. Mwaka 1901 kampuni ya Bechstein ya Ujerumani ilifungua ukumbi London, mtaa wa Wigmore, ubavuni mwa duka lake la piano. Mpiga piano Mwitalia, Ferruccio Busoni, alikuwa miongoni mwa waliopiga usiku wa ufunguzi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, mali za Wajerumani zikachukuliwa, na mwaka 1916 ukumbi, duka na piano zake vikauzwa kwa mnada. Mwaka uliofuata ulifunguliwa tena kwa jina la Wigmore Hall, na hadi leo wapiga piano wa dunia nzima hupita pale. Una viti 550 hivi tu. Ukikaa safu za mbele, unasikia msanii anavyovuta pumzi kabla ya kugusa noti ya kwanza.

Sasa nataka niwaoneshe mtu ambaye jina lake halimo kwenye bango. Ni fundi wa piano.

Piano ina vibao 88, lakini nyuzi zake zinakaribia 230, kwa sababu noti nyingi zina nyuzi tatu zinazolia pamoja. Mvuto wa nyuzi zote ukijumlishwa unafika karibu tani 20, na bila fremu ya chuma mbao zingepasuka. Fundi huja mchana, ukumbi mtupu. Huziba nyuzi mbili kwa kipande cha kitambaa kizito, akapiga ile ya tatu, akazungusha kigingi kwa ufunguo wake kiasi ambacho jicho halioni. Anapiga tena. Noti moja inaweza kupigwa mara ishirini. Kisha hukagua nyundo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa. Sufu ikiwa ngumu, sauti inakuwa kali kama bati. Basi huichoma kwa sindano, polepole, mpaka ilainike. Sindano moja ikizidi, sauti inafifia. Mwenzake mpiga udi huifanya kazi ya kukaza nyuzi mbele yetu na tunampigia makofi. Huyu huimaliza na kuondoka kabla milango haijafunguliwa.

Wasanii wenyewe hawakubaliani kuhusu ugeni huu. Vladimir Horowitz hakuukubali kabisa. Mwaka 1986, aliporudi kupiga Moscow baada ya miaka 61, piano yake ya nyumbani New York ilisafirishwa kwa ndege, na fundi wake Franz Mohr akafuatana naye. Krystian Zimerman naye ana sifa ya kusafiri na ala yake. Sviatoslav Richter alishika njia nyingine: hakupenda kuchaguachagua, aliiketia piano aliyowekewa. Miaka yake ya mwisho alizima taa za ukumbi, akabakisha taa ndogo juu ya karatasi za noti, ili watu waache kumtazama na wausikilize muziki.

Anayenigusa zaidi ni Grigory Sokolov. Hutayarisha programu moja, akazunguka nayo miezi na miezi, mji baada ya mji. Muziki ni ule ule, piano ni nyingine kila usiku. Mchana huikagua kwa saa nyingi pamoja na fundi wa pale. Akimaliza programu hurudi jukwaani, mara nyingi kwa nyongeza sita. Uingereza haendi tangu mwaka 2008 hivi, kwa sababu ya masharti ya viza, yakiwemo alama za vidole. Nadhani humu ndani wapo wanaomwelewa vizuri.

Basi msimu ukianza, msikimbilie mabasi mara tu makofi yakiisha. Kaeni kidogo. Fundi atarudi kimya kimya kupitia mlango wa pembeni, atagusa noti mbili tatu za katikati, zile zilizofanyishwa kazi sana usiku huo. Atainamisha kichwa. Moja imelegea. Atachukua ufunguo wake na kuanza upya, maana keshokutwa anakuja mgeni mwingine.