Kutoka Dirisha la Huduma za Kikonseli: Kazi ya Kila Siku ya Ubalozi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia katika utumishi wa nje: nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nieleze kazi ya mwanadiplomasia awapo kituoni. Nitaieleza kutoka kwenye dirisha la huduma za kikonseli, yaani zile ubalozi unazowapa watu, hasa raia wake walio ugenini, kwa sababu sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha hapo, na kwa sababu naamini kwamba ni hapo ambapo raia aliye mbali na kwao hupata kujua kama kweli ana serikali. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia umeyataja majukumu ya ubalozi katika ibara ya 3: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kufuatilia hali ya mambo kwa njia halali na kuitolea taarifa nyumbani, na kukuza uhusiano mwema. Mkataba wa pili, wa mwaka 1963, ukaeleza kazi za kikonseli, kuanzia pasipoti na viza hadi mirathi ya waliofia ugenini. Ibara hizo mnazisoma kwa dakika chache. Nitawaonyesha moja ikitendwa.

Asubuhi ya Jumapili moja, ambayo katika nchi nyingi za Ghuba ni siku ya kwanza ya kazi, vijana wawili walikuja dirishani wakiwa na bahasha ya kaki. Mwenzao, dereva mzaliwa wa Tanga, alikuwa amefariki ghafla usiku wa Ijumaa. Nyumbani turubai lilikwishafungwa, na mama yake alikwishasema kwamba mwanawe azikwe kwao. Ili mwili usafiri zinahitajika karatasi, na kila karatasi ina ofisi yake na mhuri wake: taarifa ya daktari, cheti cha kifo, kibali cha polisi kinachothibitisha kwamba hakuna shauri, barua ya mwajiri, cheti cha kutiwa dawa ya kuhifadhi mwili, kisha barua ya ubalozi ya kutokuwa na pingamizi. Jina la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa Kiarabu kwa namna moja kwenye kibali cha ukaazi na kwa namna nyingine hospitalini, na ilitubidi kurudi hospitalini mara mbili kabla jeneza halijakubaliwa uwanja wa ndege. Pasipoti yake niliifuta mwenyewe, kwa mhuri kwenye ukurasa wa picha na mkasi kwenye pembe ya jalada.

Fungu la ubalozi kwa shughuli ya namna hiyo lilikuwa dogo mno, hivyo gharama zililipwa kwa michango ya jumuiya ya Watanzania, iliyokusanywa kwa simu ndani ya siku mbili. Nawaomba mlizingatie hilo. Afisa ambaye hajawahi kuonekana kwenye harusi wala msiba wa watu wake hana uso wa kuwaomba mchango siku ya haja.

Ikabaki mishahara ya miezi mitatu ambayo marehemu alikuwa akimdai mwajiri wake, na hapo ndipo nota, yaani barua rasmi ya ubalozi kwa serikali mwenyeji, inapoingia. Nota ya kidiplomasia huandikwa kwa nafsi ya tatu, kana kwamba jengo lenyewe ndilo linalosema: Ubalozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania unatoa salamu zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na una heshima ya kuiarifu kwamba kadha wa kadha. Haina sahihi kamili. Hutiwa mhuri na herufi za mwanzo za jina la afisa. Humalizika kwa kuihakikishia Wizara heshima kubwa ya Ubalozi, hata pale ambapo kilichomo katikati ni lalamiko zito. Vijana wengi huziona taratibu hizo kuwa za kizamani. Mimi nazithamini sana, maana zinaiwezesha nchi kudai haki ya raia mmoja mara ya tatu, ya nne na ya tano, bila mtu yeyote kuvunjiwa heshima na bila mlango kufungwa. Nota yetu ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Ya tatu ilijibiwa baada ya miezi minne, na fedha zikalipwa.

Kazi nyingine isiyosubiri ni ya mahabusu. Ibara ya 36 ya mkataba wa 1963 inataka mgeni anayekamatwa aelezwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuomba maofisa wa nchi yake wajulishwe. Uzito wa ibara hiyo ulionekana mwaka 2001, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kwamba Marekani ilikiuka wajibu huo kwa Ujerumani katika shauri la ndugu wawili raia wa Ujerumani, Karl na Walter LaGrand. Lakini ndugu hao walikuwa wamekwisha kuuawa kwa hukumu ya kifo huko Arizona mwaka 1999. Afisa anapofika gerezani hawezi kumtoa mtu, wala hawezi kuwa wakili wake. Huuliza kama kuna mkalimani, kama kuna wakili, kama mgonjwa anapata dawa, kisha hupeleka habari kwa familia. Mimi nilikuwa nikimwacha mfungwa aseme mpaka amalize, kwa kuwa wengine hawakuwa wamepata mtu wa kuongea naye Kiswahili kwa miezi mingi.

Najua wengi wenu mmevutwa na jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyepelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na aliyekuwa mwakilishi wetu katika Umoja wa Mataifa tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipoirejeshea Jamhuri ya Watu wa China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, huku nchi 17 zikijizuia kupiga kura. Mna haki ya kuvutwa. Lakini kura za namna hiyo hutafutwa kwa ujumbe wa nchi mmoja baada ya mwingine, na kila mazungumzo huandikiwa taarifa usiku uleule, taarifa inayotenganisha waziwazi yale yaliyosemwa na yale ambayo mwandishi anayadhani.

Fedha za yule dereva zilipotoka, nilimpigia simu mama yake, Tanga. Alishukuru, kisha akaniuliza jambo moja: mwanawe alioshwa na nani? Niliweza kumjibu kwa kuwa nilikuwapo. Nikamtajia waliomwosha, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja anakotoka.