Usiku wa Kwanza wa Mbwa Mgeni

Shikamooni wazee, na vijana habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie mbwa wanaowanyima watu usingizi, na naona ukumbi umejaa kuliko ile siku ya chanjo ya kuku. (Kicheko.)

Nianze na kosa langu. Kijibwa changu cha kwanza nilimfungia stoo juu ya gunia, nikazima taa. Alilia mpaka alfajiri. Baba akasema, "Mwache, akichoka atanyamaza." Kweli alinyamaza, usiku wa nne. Ila tangu hapo kila nikishika mlango wa stoo, alikuwa anajikojolea. Kulala hakujifunza. Alichojifunza ni kuogopa mlango.

Hebu mfikirieni. Macho yake yalifunguka akiwa na siku 10 hadi 14. Tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake; amelala kwenye lundo, kichwa ubavuni mwa huyu, mkia wa yule usoni, mama pembeni. Wewe unamtia kwenye boksi, unampandisha bodaboda, na usiku unamwacha gizani. Akilia, anaita wenzake. Mtoto wa mnyama wa kundi akipotea halafu akanyamaza, nani atampata? Ndiyo maana akiniambia mtu kwamba huo ni ujeuri, simkubalii. Na nyie mnaonunua watoto wa wiki 5 sokoni mnajiongezea kazi. Angalau afikishe wiki 8.

Kwa hiyo siku za mwanzo alale mahali anapokusikia. Najua wengi wetu mbwa haingii ndani, na kwenye nyumba za Waislamu ndiyo kabisa. Sikuja kubadilisha nyumba ya mtu. Weka boksi lake barazani, chini ya dirisha la chumba chako, pasipopigwa na mvua. Akilia, mwite kwa sauti ya chini hapo hapo dirishani, inatosha. Akishatulia siku mbili tatu, sogeza boksi hatua chache kuelekea bandani, kesho kutwa tena, mpaka afike. Siku ya kumchukua, mwombe mwenye mama yake kitambaa walichokuwa wanalalia, na tafadhali usikifue. Baridi yetu ya Arusha ya Juni na Julai mnaijua: jaza chupa maji ya vuguvugu, izungushie kanga kuukuu, mlaze nayo. Wengine hufunga saa ndani ya taulo ili idunde kama moyo wa mama. Niliijaribu. Aliitafuna.

Sasa mkojo. Kuna hesabu ya kukadiria: umri wake kwa miezi, jumlisha moja, ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ni saa tatu. Basi ugali wake na dagaa apewe saa 12 jioni, si saa 4 mnapomaliza kula nyie. Maji asinyimwe mchana. Yaondoe saa moja au mbili kabla ya kulala. Saa 4 usiku mtoe akojoe. Saa 7 tena, saa 10 tena. Ukimtoa usimchezee, usiwashe taa zote, usimpe kipande cha nyama kwa kumhurumia. Akimaliza, arudi kwenye boksi. Ukimchezea saa 7 usiku mara mbili tu, ya tatu atakuamsha yeye.

Na mtazameni tumbo. Kijibwa mwenye tumbo kama ngoma na mbavu za kuhesabika ana minyoo, huyo hata ukimwimbia halali. Dawa arudiwe kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, na hapo hapo chanjo ya kichaa. Minyoo hiyo huwaingia watoto wenu pia, kwa hiyo wasilale naye.

Mzee pale nyuma amenong'ona kwamba mbwa wa ulinzi akibembelezwa anakuwa zoba. Mzee wangu, mbwa hulala vipande vipande na kuamka haraka hata ukimlea kwa maziwa. Anasikia mlio mwembamba wa hadi mitetemo 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000. Panya wa darini kwako anazungumza naye usiku kucha. Aliyekua na hofu hubwekea kila jani, na mwezi mmoja baadaye hakuna anayeamka kumsikiliza.

Ndiyo, mama, uliza.

(Mama mmoja: "Wangu ni mkubwa, nimeachiwa na mtu aliyehama. Wiki ya pili sasa analia usiku.")

Amechanjwa? Kadi unayo? Vizuri. Sauti haijakwaruza ghafla, mate hayamtoki, maji anakunywa? Sawa, hizo ni dalili za kichaa, nilitaka kusikia hilo kwanza. Na kichwa je, anakitikisa?

("Anakitikisa sana, na sikio moja analikuna.")

Basi huyo hamlilii bosi wake wa zamani. Mlete kesho kabla ya saa 4, nilitazame hilo sikio. Mfunge kamba, na mdomo pia. Sikio likiuma, hata mpole anang'ata.