Kusafisha Chumba cha Bibi Bila Kumpotezea Njia

Kamwene, na shikamoo kwa wakubwa wote mnaotutazama. Nipo Iringa, kwenye makao ya wazee, na leo tutafanya usafi chumbani kwa bibi mmoja. Ametukubalia tuonyeshe chumba chake, lakini uso wake hatutauonyesha wala jina hatutalitaja, ndivyo tulivyopatana naye. Amekaa pale barazani anaota jua, na kila tunachosema anakisikia. Video hii ni ya wahudumu wapya, na ni yako pia unayemlea mzazi nyumbani, uwe Mafinga, Njombe, Tukuyu au Mbeya mjini. Baridi yetu ni moja.

Tuanzie mlangoni. Piga hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata kama umeingia humu mara kumi tangu asubuhi, piga hodi usubiri karibu. Ukishaamkia, sema unachotaka kufanya: "Bibi, naomba nifagie, nitandike kitanda, nipige deki. Kuna kitu hutaki kiguswe?" Leo bibi amesema sanduku lake la bati lisisogezwe. Basi halisogezwi. Tutafagia kulizunguka.

Nieleze kwa nini nashikilia sana jambo hili. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mahali pengine, nilisafisha chumba cha bibi mmoja mpaka kikang'aa. Nikakunja kila kitu, na fimbo yake iliyokuwa imeegemea kitandani nikaipeleka kona ya kabati, niliona ndipo panapoifaa. Usiku aliamka kwenda haja, akapeleka mkono gizani pale fimbo inapokaa siku zote, asiikute. Alianguka, akavunjika nyonga. Mzee mwenye macho hafifu anakijua chumba chake kwa mkono na kwa hatua: kitanda, fimbo, kiti, mlango. Ukikipanga upya bila kumwambia umemfuta njia. Tangu siku ile, kabla sijagusa kitu, nasimama mlangoni nakitazama chumba: nini kipo wapi. Kama una simu, piga picha ya chumba peke yake, ikusaidie kurudisha kila kitu mahali pake, kisha uifute.

Sasa hatua ya kwanza, njia. Tazama hapa: kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka chooni. Njia hii iwe wazi, pana kiasi cha mtu na fimbo yake kupita bila kujipinda. Waya wa redio uliokuwa umelala sakafuni tumeupitisha ukutani. Kapeti dogo lililokuwa mbele ya kitanda, lile linalojikunja pembeni, tumemwomba bibi tulitoe, akakubali kwa sharti tumwekee juu ya kiti. Sawa, linampasha joto akikaa.

Angalia viatu. Kandambili zilizolika soli ni hatari kwenye sakafu yenye maji, na soksi tupu kwenye sementi iliyosuguliwa ni hatari zaidi. Mtafutie viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma na soli inayoshika. Na zile sakafu zetu nyekundu zinazopakwa nta mpaka unajiona uso, najua zinapendeza, lakini chumbani kwa mzee nta usipake. Sugua kwa maji na sabuni tu.

Fimbo nayo ipimwe. Mzee asimame wima akiwa na viatu, mikono ameiachia. Kishikio cha fimbo kiwe usawa wa kifundo cha mkono wake. Ikiwa ndefu inamnyanyua bega, ikiwa fupi inamwinamisha. Mpira wa chini ukiisha badilisha, kwani fimbo isiyo na mpira inateleza kama barafu.

Hatua ya pili, usafi wenyewe. Fungua dirisha kwanza. Kwetu huku usifungue saa 12 asubuhi ukungu ukiwa umeshuka. Subiri jua lipande, saa 4 au saa 5, mzee akiwa nje, uachie hewa izunguke. Chumba kilichofungwa wiki nzima kwa kuogopa baridi kinafuga unyevu na kikohozi.

Anzia juu ushuke chini: utando, dirisha, kabati, mwisho sakafu. Anzia pasafi umalizie pachafu. Kitambaa cha meza ya chakula kisiguse kiti cha haja hata mara moja, kwa hiyo tafuta vitambaa vya rangi tofauti, uwaambie na wenzako rangi ipi ni ya wapi. Kabla ya kufagia nyunyiza maji kidogo vumbi lisipande. Ukipiga deki, kamua tambara vizuri, fanya nusu ya chumba, ikauke, ndipo uhamie nusu nyingine. Mzee akirudi ghafla awe na pa kukanyaga.

Kwa siku za kawaida maji na sabuni vinatosha. Klorini tunaitumia pale penye damu, kinyesi, matapishi au mkojo, na ina utaratibu wake. Vaa glovu. Futa uchafu wote kwanza kwa tambara au karatasi, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake klorini. Usiimwage juu ya mkojo moja kwa moja, maana vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na kifua. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 unachanganya kopo 1 la dawa na makopo 6 ya maji, unaiacha pale dakika 10, kisha unasuuza. Changanya ya siku hiyo tu, kesho nguvu yake imepungua. Na usiichanganye kamwe na ile dawa kali ya kusugulia choo. Hapo inatoka gesi ya sumu.

Jambo moja hapo hapo: usiweke dawa wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mzee haoni vizuri, ana kiu usiku, anapapasa anakuta chupa. Iache dawa kwenye chupa yake yenye maandishi, kabatini, kwenye kufuli.

Hatua ya tatu, kitanda. Bibi akikaa ukingoni, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yakunjike vizuri. Kitanda kirefu kinamfanya aruke, kifupi kinamfanya ashindwe kuinuka. Hiki chetu kilikuwa kirefu, fundi amekikata miguu. Kama kina magurudumu, breki zifungwe. Kisha sukuma godoro uone kama kuna mwanya kati yake na ukuta, mkono unaweza kunasa hapo.

Tandika mpira wa kuzuia mkojo, juu yake shuka, uvute pembe zote mpaka mikunjo iishe. Mkunjo mdogo chini ya mgongo wa mtu anayelala saa nyingi unageuka kidonda. Makombo ya mkate vivyo hivyo. Kwa asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, na mkimsogeza mnyanyueni kwa shuka watu wawili, msimburute, ngozi ya mzee ni nyepesi. Kila mnapomgeuza tazama visigino, nyonga, mgongo wa chini na mabega. Pakiwa na wekundu, au kwa ngozi nyeusi pamekuwa na giza au joto kuliko jirani yake, usipasugue. Mpumzishe upande mwingine, umwite muuguzi. Wengine huweka mpira wa duara kama tairi chini ya makalio. Acheni, unabana damu pembeni mwa pale pale mnapopahurumia.

Godoro lianikwe juani kila wiki panapowezekana. Likiwa nje, kagua mishono na nyufa za kitanda, kunguni hukaa humo. Ukiwaona, mwagia nyufa maji yanayochemka, chemsha shuka na foronya, na uwaambie uongozi wakague vyumba vya jirani pia. Usimwaibishe mzee kwa kunguni. Hakuwaita.

Sasa nifike kwenye baridi, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu usiku unauma, na Njombe na Makambako wanajua zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani ya nyumba kusiwe chini ya nyuzi 18, na vyumba vyetu vingi havifiki hapo usiku. Kwa hiyo watu wanafanya nini? Wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango.

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala. Usingoje moshi uishe ukadhani limekuwa salama. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio huo huo unaotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na aliyelala hashtuki. Mzee akisema kichwa kinamuuma, wengi wetu hatulifikirii jiko, tunafikiria malaria au presha. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Ukimkuta mtu kwenye hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa mara moja, fungua milango yote, mwahishe hospitali hata kama amezinduka. Kila msimu wa baridi nawarudia wenzangu maneno haya, na nitayarudia mwakani.

Tumpashe joto kwa njia nyingine. Soksi, kofia ya sufu, nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine, maana hewa iliyo katikati yake ndiyo inayotunza joto. Blanketi moja zito linamlemea, anashindwa hata kujigeuza. Bibi wetu ana mgolole wake, analala nao mabegani, na mimi siuvui. Ziba nyufa za dirisha na chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa, ila matundu ya hewa ya juu yaache. Uji wa moto jioni, jua la barazani mchana.

Ile chupa ya mpira ya maji ya moto inafaa, ikitumiwa hivi: maji ya moto yasiyochemka, ijae theluthi mbili, toa hewa, funga, uifunge taulo. Iweke kitandani nusu saa kabla hajalala, naye akipanda iondoe. Mwenye kisukari anaweza kuungua miguu asisikie kabisa. Chupa ya soda usiitumie, ile plastiki inalegea kwa joto na kumwagikia.

Ujue pia dalili. Usimpime kwa kushika vidole, vidole vya wazee huwa baridi. Ingiza mkono tumboni chini ya nguo. Tumbo likiwa baridi, na mtu anaongea kwa kukokota, amechanganyikiwa, amelegea kwa usingizi, ita muuguzi hapo hapo. Usimsugue mwili, usimpe pombe. Mfunike, kichwa kikiwemo uso ukiwa wazi, na kama anameza vizuri mpe kinywaji cha moto kidogo kidogo.

Maji ya kuoga yajaribu kwa kiwiko, na kwenye beseni tangulia kumimina ya baridi.

Mwanga wa usiku: taa ndogo ya sola au tochi, kwa sababu umeme hukatika. Mshumaa na kibatari chini ya chandarua, hapana.

Kitu kingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini wa 60 na wa 85 hawafanani, na wa 85 wawili hawafanani. Bibi huyu anakunja nguo zake mwenyewe, polepole, kwa mkunjo wake. Zamani nilikuwa nikirudia kuzikunja "vizuri" akishatoka. Nimeacha. Anayeweza kufuta meza yake afute, anayeweza kuchagua shuka lipi achague. Rozari yake, redio, picha ya marehemu mumewe vinafutwa vumbi na kurudi pale pale, vikitazama upande ule ule.

Tunamaliza. Kabla sijatoka nafikiria akilala mkono wake wa nguvu unakuwa upande gani, kwa bibi huyu ni wa kushoto. Upande huo napanga: fimbo, kikombe cha maji chenye kifuniko, miwani, tochi, na kengele. Hatuna kengele za umeme, tuna kengele ndogo ya mkononi, na chumba cha pili wana sufuria ndogo na kijiko. Inasikika vizuri tu. Muhimu ukiisikia uende, kwa sababu mzee aliyeita mara mbili bila jibu, mara ya tatu anainuka mwenyewe.

Sasa namwita mwenyewe aje akague. Karibu bibi, polepole, sakafu imekauka. Keti kitandani, nyoosha mkono. Tochi umeipata? Fimbo? Haya, na nini nimesahau?

Mnamsikia: anasema kapeti lake limegeuzwa, maua yanatakiwa yawe juu. Ngoja niligeuze.