Kujumlisha Kabla ya Kuzidisha: Mhadhara wa Misingi ya Funksheni ya Wimbi

Assalaamu alaykum, walimu wa fizikia mliotoka Wete, Micheweni na Mkoani, nanyi wanafunzi mliofika hapa Chake Chake. Jambo nililokuja nalo ni moja, nalo linahusu utaratibu wa hesabu: katika fizikia ya kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo mno kama elektroni, mawimbi hujumlishwa kwanza, na uwezekano hutafutwa baadaye. Anayeugeuza utaratibu huu hupata majibu ambayo majaribio yanayakataa.

Mwaka 1924 Louis de Broglie wa Ufaransa alipendekeza kwamba kila chembe iliyo katika mwendo ina urefu wake wa wimbi, ambao hupungua kadiri tungamo au kasi ya chembe inavyoongezeka. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria aliandika mlinganyo unaotawala wimbi hilo, na jawabu la mlinganyo huo ndilo funksheni ya wimbi, inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki psi. Mwaka uliofuata Davisson na Germer wa Marekani walithibitisha kuwa elektroni zikipiga fuwele ya nikeli hutawanyika kama mawimbi.

Lakini ni wimbi la kitu gani? Schrödinger alitaraji kuwa ni chaji ya elektroni iliyotandaa angani. Taraja hilo halikusimama, kwa sababu kila elektroni inapopokewa hupokewa nzima, mahali pamoja. Max Born wa Ujerumani, mwaka 1926 huohuo, alisema kwamba psi hutupatia uwezekano wa kuikuta chembe. Katika makala yake ya mwanzo aliandika kana kwamba uwezekano unalingana na psi yenyewe; alipokuwa akisahihisha chapa akaongeza tanbihi kuwa unalingana na mraba wake. Tanbihi ile ndiyo tunayoifundisha hadi leo, na ningependa kila mwanafunzi wa skuli zetu aijue, maana inaonesha sayansi ikijirekebisha palepale inapozaliwa.

Sasa tuhesabu. Elektroni ina njia mbili za kufikia sehemu moja ya skrini, na kwa kila njia psi ni 1, tukiacha vipimo kando. Ukitafuta mraba wa kila njia kisha ukajumlisha, utapata 2. Ukijumlisha kwanza, 1 na 1 ni 2, na mraba wake ni 4. Hatua chache pembeni, njia moja ina 1 na nyingine ina -1: jumla yake ni sifuri, na elektroni haifiki hapo kabisa, ingawa kila njia peke yake ingeifikisha. Akira Tonomura na wenzake, huko Japani, walionesha mwaka 1989 kwamba hata elektroni zikipita moja moja, nukta zao hujipanga taratibu katika mistari ya mwanga na giza. Kwa ukamilifu niseme kwamba psi ni namba changamano, yaani namba yenye sehemu mbili, halisi na ya kufikirika, hivyo tunachukua mraba wa ukubwa wake. Na jumla ya uwezekano wa mahali pote lazima iwe 1, kwani chembe ipo mahali fulani.

Tuifungie elektroni katika nafasi yenye upana wa nanomita 1, isiyoweza kutoka. Psi lazima iwe sifuri kwenye kuta zote mbili, kama uzi wa udi uliofungwa ncha zote mbili, na kwa hiyo maumbo maalumu tu ya wimbi yanakubalika; kila umbo tunaliita hali moja ya elektroni. Tofauti ni kwamba masafa ya uzi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, huongezeka kwa uwiano wa 1, 2, 3, ilhali nishati ya elektroni huongezeka kwa uwiano wa 1, 4, 9: takriban elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.38, 1.50, 3.38. Katika hali ya kwanza, uwezekano wa kuikuta ndani ya nusu ya katikati ni asilimia 82 hivi. Katika hali ya pili, katikati penyewe uwezekano ni sifuri.

Elektroni ikiwa katika hali moja tu kati ya hizo, uwezekano wake haubadiliki kwa wakati. Jumlisha hali ya kwanza na ya pili, kisha tafuta mraba, na uwezekano huanza kuyumba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kurudi, takriban mara trilioni 273 kwa sekunde. Masafa hayo ni tofauti ya nishati mbili ikigawanywa kwa namba ya Planck, namba isiyobadilika inayounganisha nishati na masafa, na ndiyo masafa ya mwanga ambao elektroni hiyo huumeza ili ipande kutoka hali ya kwanza hadi ya pili.