Kusoma Tiba za Mimea Ujerumani: Ada, Makaratasi, na Kwa Nini Sikutumii Linki ya Shule

Habari zenu jamani, na wakubwa zangu wote shikamooni. Leo sipiki wala sitembei sokoni. Nimekaa hapa mezani kwa sababu kila nikifungua komenti swali ni lile lile. "Dada, hicho chuo cha mitishamba nipe linki." "Dada, ada shilingi ngapi?" "Dada, nina kidato cha nne, viza nitapata?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na siku nikikaa kimya naambiwa nimefika Ulaya nimeanza kuringa. Basi leo nasema yote, na atakayeuliza tena nitamtumia video hii, asinune.

Najua kuna atakayesema najionyesha, na kuna atakayesema nalalamika huku nalipwa euro. Wote nawasikia kabla hamjaandika. Ninachosema ni cha kwangu, kwa jimbo ninaloishi mimi na makaratasi niliyonayo mimi. Mwenzangu wa mji mwingine anaweza kukwambia tofauti na akawa anasema kweli. Ya baridi na upweke siyagusi, mmeshayaona kwa wengine.

La kwanza, na naomba lieleweke: mimi sikuja Ujerumani kwa mitishamba. Nilikuja kwa Ausbildung ya uuguzi, ile ya miaka 3 unayosoma huku unalipwa. Nikamaliza, nikaajiriwa kwenye nyumba ya wazee, na ndipo nilipo mpaka leo, kwa zamu. Tiba asili nasoma jioni nikitoka kazini, na Jumamosi. Ukiniona kwenye video nimeshika majani na daftari, ujue nyuma yake kuna zamu ya kuanzia saa 12 asubuhi.

Sasa huku, ukimwacha daktari, mtu anayeruhusiwa kisheria kutibu watu kwa mimea, kwa sindano za Kichina na mengine ya namna hiyo anaitwa Heilpraktiker. Sheria yake ni ya mwaka 1939. Inataka uwe umetimiza miaka 25, uwe na elimu ya sekondari ya chini, uwe na afya njema, usiwe na doa polisi, na ufaulu mtihani wa idara ya afya. Zamani ilitaka pia uwe Mjerumani. Mwaka 1988 Mahakama ya Katiba ikasema sharti hilo ni batili, ndiyo maana mimi mwenye pasi ya Tanzania naweza hata kulizungumzia jambo hili.

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa hiyo sogeeni karibu. Sheria haikudai uwe umesoma shule yoyote ya tiba asili. Hata moja. Hakuna mtaala wa serikali wala idadi ya saa za darasani. Shule zilizopo ni za binafsi, na cheti chao, hata kiwe na mhuri wa dhahabu, hakikupi ruhusa ya kumtibu mtu. Ruhusa inatoka idara ya afya baada ya mtihani, basi. Kuna watu wamejifungia chumbani na vitabu, wakaenda, wakafaulu. Mimi nimechagua shule kwa sababu Kijerumani cha anatomia kukisoma peke yangu usiku baada ya zamu ningesinzia ukurasa wa pili. Nalipa euro 200 na ushee kila mwezi, na ukijumlisha mpaka mwisho ni maelfu. Hiyo ni hela ninayoitoa kwenye mshahara wangu, hakuna mfadhili, hakuna mkopo wa elimu ya juu.

Na mikataba ya hizi shule, jamani! Tulikuwa na dada mmoja wa Mombasa darasani, msichana hodari. Alipata ujauzito wa shida, daktari akamlaza, akaandika barua kwamba hawezi kuendelea. Shule ikamjibu kwamba muda wa kutoa notisi haujatimia, kwa hiyo alipe miezi iliyobaki. Akalipa, mtu yuko kitandani. Mimi niliandika barua kuwaombea wenzetu wenye matatizo ya afya, nikajibiwa sentensi moja kwamba mkataba nilisaini mwenyewe. Siwataji, lakini limenikaa moyoni mpaka leo. Ukipewa mkataba wa Kijerumani, tafuta anayejua Kijerumani akusomee kipengele cha kuvunja mkataba kabla hujashika kalamu.

Haya, viza. Mnaonitumia ujumbe kwamba baba yuko tayari kuuza kiwanja, naomba kiwanja kibaki. Viza ya mwanafunzi huku ni kwa vyuo vikuu na vyuo vinavyotambuliwa. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi anatakiwa aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani anaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya leo benki, inapita milioni 30 za Kitanzania, na hapo hujanunua tiketi. Shule za Heilpraktiker si vyuo vikuu, nyingi ni za jioni na wikiendi. Mimi binafsi sijakutana na mtu hata mmoja aliyetoka nyumbani akaingia nchi hii kwa viza ya shule ya aina hiyo. Wakala akikuahidi, mwulize viza inaitwaje na ni kifungu gani cha sheria, akuandikie.

Na hata kwetu sisi tuliokwishaingia, usidhani ukifaulu unafungua kliniki kesho yake. Kibali changu cha kuishi ni cha kuajiriwa. Kujiajiri ni jambo jingine, linaombewa ruhusa ofisi ya wageni, na miadi ya ofisi ya wageni ninapoishi unaweza kuisubiri mpaka ukasahau ulichotaka kuuliza. Njia ninayoiona kwangu ni kupata kwanza kibali cha kudumu, ambacho aliyemaliza Ausbildung hapa anaweza kukiomba baada ya kufanya kazi ya taaluma yake miaka 2, akitimiza masharti mengine. Ndiyo maana siachi uuguzi. Wanaoniuliza kwa nini naosha wazee na huku najiita msomi wa tiba, jibu ni hilo, na kazi ya kuosha wazee naiheshimu.

Makaratasi ya kuombea mtihani sasa. Wanataka wasifu, cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, cheti cha shule, barua ya daktari kwamba uko sawa mwili na akili, na ripoti ya polisi. Ripoti ya polisi na barua ya daktari, nilipoombea mimi, zisizidi miezi 3. Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi moja ambayo haipo kwenye pasi. Herufi moja tu, h. Wakati wa viza ya uuguzi ilipita. Safari hii afisa akasema hapana, nilete uthibitisho kwamba watu hawa wawili ni mmoja. Nikampigia mdogo wangu Tanga, akaenda kwa wakili, hati ya kiapo ikaandikwa, ikasafirishwa, ikatafsiriwa, nikalipia kila mhuri. Ilipofika, ripoti ya polisi imeshapita miezi 3. Nikaomba nyingine. Barua ya daktari nayo ikaisha. Nikarudi kwa daktari, nikalipa tena. Mnaonisikia na mko nyumbani, nendeni leo mkalinganishe jina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasi, herufi kwa herufi. Hilo halina cha kusema inategemea na mtu.

Mtihani wenyewe unafanyika mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Maswali 60 ya kuchagua, dakika 120, lazima upate 45. Ukifaulu ndipo unaitwa mbele ya daktari wa serikali kwa mahojiano. Na watu wanadhani wanaulizwa majani! Majani karibu hayamo. Unaulizwa moyo, figo, ini, sukari, magonjwa ya akili, sheria. Mzee kaja na maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto na jasho jembamba, unafanya nini? Mtoto ana homa, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho, unafanya nini? Jibu si chai ya chochote. Jibu ni kuwaita watu wa dharura sasa hivi. Kisheria mtihani huu unapima kama wewe ni hatari kwa afya ya watu au la, na mimi naona wamelenga penyewe. Mtu anayetaka kushika mimea lazima kwanza ajue ni wakati gani mmea hauna nafasi.

Halafu kuna magonjwa ambayo Heilpraktiker haruhusiwi kuyatibu kabisa, ni ya daktari peke yake. Kifua kikuu, malaria, VVU, kaswende na magonjwa yote ya zinaa, homa za ini za virusi. Dawa za cheti cha daktari huandiki. Kuzalisha hamna, meno hamna. Sasa kumbukeni mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kwetu yanaahidi kutibu nini. Ni yale yale! Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilisikia uchungu, maana sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 tunaikumbuka Samunge kule Loliondo, kwa Babu aliyegawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, foleni ya magari kilometa na kilometa. Simsemi vibaya Babu, sasa ni marehemu. Nawasema waliorudi wakaacha dawa za hospitali wakiamini wamepona, na nyumba zao zikabaki na msiba.

Mimi ni mtu wa Muheza, na nimezaliwa ndani ya mimea. Bibi yangu alikuwa anajua mizizi, na juu yetu, milimani, ni Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda mpaka mikwinini. Mwalimu alipoleta magome makavu ya mkwinini darasani, huku wanayatumia kwa uchungu wake kuamsha hamu ya kula, mimi ndiye niliyekuwa nimeuona mti wenyewe umesimama. Vivyo hivyo Prunus africana, ule ambao Wakikuyu wanauita muiri. Magome yake yanatoka milimani kwetu Afrika, yanakuja kuwa vidonge vya tezi dume Ulaya, na umechunwa mno hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Mti wetu unalindwa kwa mkataba, na sisi wenyewe jina lake tunalisahau.

Lakini kuwa mtu wa mimea hakunifanyi niamini kila kitu. Pakanga, mfano. Dawa ya malaria ya mseto kiini chake kinatoka kwenye pakanga ya Kichina, na mama aliyekigundua, Tu Youyou, alipewa Nobel mwaka 2015. Ila chai ya majani yake kiwango cha dawa hakitabiriki, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema halishauri majani hayo kwa kuzuia wala kutibu malaria. Na huku kuna ua la njano linaitwa Johanniskraut, linatumika kwa sonona na linasaidia kweli katika sonona isiyo kali. Hilo hilo linaharakisha ini kuvunja dawa nyingine mwilini. Linapunguza nguvu za dawa za VVU, dolutegravir ikiwemo, linapunguza vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, linavuruga dawa za kuyeyusha damu. Nimeliona limefungashwa vizuri likiletwa nyumbani kama zawadi ya "chai ya kutuliza mawazo". Kama dada yako aliye ughaibuni amekuletea, na unatumia ARV, usiinywe kabla hujamwonyesha mtaalamu wa kliniki yako.

Ndiyo maana nilikasirika sana mwezi uliopita. Kuna mtu amekata kipande cha video yangu, nimeshika chupa ya maabara, akaweka sauti yake juu, anauza unga wa nguvu za kiume na kusema dada wa Ujerumani ameuthibitisha. Sijathibitisha unga wa mtu. Siuzi kitu chochote, sina wakala Dar, Mombasa wala Bujumbura. Na kwenye kundi la ukoo nako baba mdogo mmoja aliandika kwamba nimepelekwa Ulaya nimerudi kuwa mganga. Baba mdogo, kwa heshima zote, aliyenipeleka ni mshahara wangu wa mwaka mzima wa kufundisha chekechea pamoja na ng'ombe wa mama. Nilichangia harusi ya mwanao huku ada ya shule sijalipa. Naomba iishie hapo.

Sasa ningekuwa na miaka 19, nina PCB nzuri, yaani fizikia, kemia na baiolojia, niko nyumbani, ningefanya nini? Mimi, sikusemi wewe, ningesoma famasia au uuguzi kwanza. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, wanaijua mimea yetu kuliko mwalimu yeyote niliyempata hapa. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake linalosajili watoa huduma. Njia ipo. Na kama unataka Ujerumani kwa vyovyote, ingia kwa uuguzi kwa Kijerumani cha B1 au B2, yaani viwango vya kati vya lugha, mwaka wa kwanza kwa waajiri wanaolipa kwa viwango vya serikali unapata zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato, halafu mitishamba uitafute ukiwa tayari una kibali na kitanda.

Kipato cha Heilpraktiker wengi mnauliza. Bima za umma, ambazo ndizo watu wengi wanazo, kwa kawaida hazimlipi. Mgonjwa analipa mfukoni, au awe na bima binafsi. Nawajua wawili, mmoja ana wagonjwa mpaka anakataa, mwingine bado anafanya kazi kwenye duka la vitabu nusu siku.

Wanaotaka video ya uuguzi hatua kwa hatua, andikeni mkoa wenu na kiwango cha Kijerumani mlichofikia, nitaipanga. Maswali ya dozi na "nina uvimbe nitumie nini" sitayajibu hapa wala inbox, nenda kituo cha afya. Mtihani wangu ni Oktoba, kwa hiyo kuanzia Agosti video zitakuwa chache.